Upande wa Kushoto wa Nyumba

Falkenrode, Ujerumani
14 Januari 2024

Mpendwa Tata,

Najua unaisoma barua hii kwenye kile kiti cha dirishani, miwani imeshuka puani, na Mama Waceke amesimama nyuma yako akiimaliza kabla yako. Nawasalimu wote wawili. Mimi mzima, ila baridi inanitesa, na mtihani wangu wa mwisho wa uuguzi ni tarehe kumi na tatu Mei. Niombeeni.

Wikendi bado nakaa kwa Bi Hedwig, yule bibi wa miaka tisini na mbili. Namwogesha, nampa dawa, naye ananipa chumba bila kodi. Masikio yake yamechoka kama yako, kwa hiyo nimemfundisha kusoma midomo, ule mchezo mliokuwa mnaucheza kiwandani mashine zikinguruma. Anacheka kama msichana.

Nilikuambia nyumba ni kubwa, sikukuambia ni ya nani. Tata, hii ni nyumba ya watawala. Zamani Falkenrode ilikuwa nchi yake yenyewe, ndogo mpaka ni aibu. Ungetoka Boito asubuhi kwa miguu, jioni uko Roret, umeimaliza. Jeshi lake lilikuwa la watu arobaini na sita na mpiga tarumbeta mmoja. Koo tatu zilinyang'anyana kiti hicho miaka mia tano: Werdeneck, Grimmau na hawa wa mwisho, Ahlenstein. Waliozana wenyewe kwa wenyewe ili damu isitoke nje, wakazaa watoto wagonjwa, wakaendelea. Mwaka 1918 kiti kilifutwa. Sheria za ukoo hawakuzifuta.

Kwenye ukumbi kuna ukuta uliochorwa mti, na majina yao yote yako kwenye matawi. Baadhi yamekwanguliwa kwa kisu mpaka chokaa inaonekana. Nilimuuliza Bi Hedwig ni kina nani. Akasema ni wanaume waliooa chini. Mtawala akimpenda binti wa fundi au wa mwoka mikate, alimpa mkono wa kushoto kanisani badala ya wa kulia, na mke huyo hakupata jina la ukoo, wala watoto wake, wala nafasi kwenye chumba cha makaburi chini ya kanisa lao.

Yeye mwenyewe ni binti wa mwoka mikate. Aliishi na Bwana Ludolf miaka arobaini na moja. Ludolf amelala kule chini, na ufunguo anao mpwa wake, Bwana Ruprecht. Bi Hedwig hataki kitu kingine duniani ila kulala karibu na mumewe.

Sasa Tata usikasirike. Nilipomsikiliza nilikufikiria wewe. Miaka kumi na tisa Mama Waceke yuko jikoni kwako. Alinichukua mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, nalia kila jioni kwa ajili ya marehemu Mama Nyaberi aliyenizaa, akanilea. Nusu ya shamba hilo la chai ni sukuma wiki zake za soko la Mogogosiek. Na wewe hujapeleka hata mbuzi mmoja kwa ndugu yake Kinuthia. Kila mara unasema ni baada ya mvua, ni baada ya bonasi ya chai. Mapafu ya Mama Waceke hayasubiri bonasi. Wazee wetu wa Nyamira unawajua: ikitokea jambo kabla ya mahari, watasema hakuwa mke. Nataka siku yake ikifika, baada ya miaka mingi, alale upande wa kushoto wa nyumba, wanakolala wake, karibu na Mama Nyaberi. Niahidi kwa maandishi.

Mwambie aandike mstari wake chini ya barua kama kawaida.

Ni mimi binti yako,
Nyakerario


Boito
9 Februari 2024

Binti yangu Nyakerario,

Barua yako ilifika tarehe mosi. Niliisoma mara nne.

Huku mvua ya mawe imepiga. Chai ya upande wa mtoni imekuwa matambara, hakuna cha kuchuna mpaka mwezi wa tatu. Chepkemboi, jirani yetu, anatusaidia kukamua ng'ombe. Mengine ni kama yalivyo.

Simu ya nyumbani ilianguka kwenye karai la maji moto, usihangaike kuipiga. Na usimsumbue Chepkemboi kwa simu, ana kazi zake. Wewe soma. Umebakisha miezi mitatu tu, na mtu haendi kwenye mtihani na mawazo ya nyumbani kichwani.

Mambo ya Kinuthia nimeyashughulikia. Usiyaandike tena.

Habari za hao watawala wako zimenikaa. Nilidhani wenye majumba ya mawe hawana shida za namna hiyo. Nina swali. Hao wanaume ambao wake zao hawakupewa nafasi, wao walisema nini? Walikuwa na midomo na walikuwa na jeshi, hata kama ni la watu arobaini na sita. Muulize huyo bibi, kisha unijibu.

Mama yako Waceke mkono unamuuma, leo hataandika.

Ni mimi baba yako,
Nyang'au


Falkenrode
3 Machi 2024

Mpendwa Tata,

Niliposoma kwamba mambo ya Kinuthia umeyashughulikia, nililia kwenye ngazi za hospitali, mwenzangu akadhani nimefiwa. Hata kama ni ng'ombe mmoja, hata kama ni kuku, ahsante. Najua hupendi kusifiwa kwa hiyo naachia hapo. Ila mkono wa Mama Waceke ukandwe na maji ya chumvi, asubuhi na jioni.

Nilimuuliza Bi Hedwig swali lako. Aliniomba nimpeleke kwa kiti chake cha magurudumu mpaka mlango wa kanisa. Ndani hatuingii, lakini kuna dirisha la chuma, na kwa pale unaliona kaburi kubwa kuliko yote, la jiwe jeusi. Ni la mtawala mmoja wa ukoo wa Grimmau, Ernst, wa miaka mia mbili iliyopita. Alioa binti wa mlinzi wa msitu, akakaa naye miaka kumi na sita. Baraza la ukoo likamwita na kumuuliza mbele ya watu: huyu ni mke wako? Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alinyamaza tu. Wakamwachia kiti chake, na yule mwanamke hakuna anayejua alipozikwa.

Bi Hedwig ananiambia hao waliokwangua ukuta anaweza kuwasamehe, walikuwa wanafuata sheria yao. Huyo aliyenyamaza ndiye hawezi. Kila mara akipita pale anageuza uso.

Bwana Ludolf wake alisema. Mwaka 1957, kwenye meza yenye ndugu ishirini na wawili, alisimama akasema huyu ni mke wangu na nitalala naye hai au maiti. Wakamnyang'anya uongozi wa ukoo siku hiyo hiyo. Kuhusu kulala naye akiwa maiti, hilo hakuweza kulisimamia, kwa sababu alitangulia.

Ameniomba nije niwe shahidi wake. Siku yake ikifika na Ruprecht akauliza alitaka nini, niseme nilisikia kwa masikio yangu. Nimekubali, lakini naogopa, Tata. Chumba changu kiko mikononi mwa Ruprecht, na barua ya sifa ninayoihitaji kwa ajili ya kazi ataiandika yeye.

Safari hii mstari wa Mama Waceke lazima. Aandike hata kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi,
Nyakerario


Boito
2 Aprili 2024

Binti yangu,

Nimeipata. Mvua ni nyingi na barabara ya Mogogosiek imekatika, ndiyo maana nimechelewa.

Usijiingize kwenye ugomvi wa ukoo wa watu. Wewe ni mgeni huko. Wakikuuliza unaweza kusema hukusikia vizuri. Hakuna mtu anayemlaumu mtu kwa kutosikia.

Nimemaliza. Soma.

Nyang'au

*Mwanangu mimi sijambo. Soma kwa bidii. Vaa nguo nzito. Ni mimi Waceke.*


Falkenrode
19 Mei 2024

Mpendwa Tata, mpendwa Mama,

Mtihani umekwisha. Matokeo rasmi ni mwezi ujao lakini mwalimu amenikonyeza. Ule mstari wa Mama niliukata nikauweka ndani ya kifuko cha kalamu, nikaingia nao chumba cha mtihani.

Bi Hedwig amefariki tarehe sita, wiki moja kabla ya mtihani. Alikufa asubuhi nikimchana nywele. Sikuwaandikia kwa sababu sikutaka kuandika chochote mpaka nimalize.

Ruprecht alikuja na mchungaji na mwanasheria, wakakaa kwenye ukumbi ule wenye ukuta. Aliniita, akaniuliza kwa upole sana: "Je, shangazi alikuachia neno lolote kuhusu mahali pa kuzikwa? Au hukuwahi kusikia?" Alinipa jibu ndani ya swali, Tata, na mlango ulikuwa wazi, ningeweza kutoka na chumba changu na barua yangu.

Nilikumbuka ulivyoniandikia. Niseme sikusikia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikukasirikia. Halafu nikajiambia hapana, Tata aliandika vile kwa kuniogopea mimi tu. Nikajiuliza, angekuwa Mama Waceke ndani ya sanduku la maiti, na Tata angekuwa amesimama hapa, angefanyaje? Nikajibu: alitaka alale karibu na mumewe, alisema kwa sauti, na mimi nilisikia.

Haikusaidia. Walimzika kwenye makaburi ya mji, nyuma ya kituo cha zimamoto. Mwanasheria alisoma sheria ya ukoo ya mwaka 1786 kama anasoma ratiba ya treni. Mimi nimepewa wiki mbili kuondoka, na barua ya sifa haitakuja. Nimepata kitanda kwa rafiki yangu Jennifer. Kazi nitapata, wagonjwa hawaishi.

Lakini nalala usingizi, Tata. Nataka ujue hivyo. Nilisema kwa sababu niliamini wewe ungesema.

Agosti nakuja nyumbani. Mama aniandalie maharagwe na ndizi.

Ni mimi,
Nyakerario


Boito
14 Juni 2024

Nyakerario,

Kaa chini kabla ya kusoma. Kama Jennifer yuko karibu, akae na wewe.

Mama yako Waceke hayuko. Alifariki tarehe ishirini na mbili Januari, saa tano asubuhi, akiwa jikoni anachambua mboga. Tulimzika tarehe thelathini. Barua yako ya kuniomba niahidi ilifika siku mbili baada ya hapo.

Tulikuficha kwa sababu ya mtihani. Wote tulikubaliana, Chepkemboi na Kinuthia pia. Umeona watu wakifanya hivyo hapa, mtoto asivunjike moyo kabla ya karatasi ya mwisho. Nilisema nitakuambia siku utakayomaliza. Hiyo ni sababu ya watu wengine. Mimi ninayo yangu, na nilishukuru Mungu kwamba mtihani wako upo nikajificha nyuma yake.

Hakulala upande wa kushoto wa nyumba. Yuko makaburi ya umma, Kericho, kwenye kaburi lenye namba.

Kaka yangu Nyabuto alikuja kutoka Nyamira na wazee wanne. Siku moja kabla ya mazishi alinichukua pembeni, akaniambia nikimweka mwanamke ambaye hajatolewa ng'ombe mahali pa Nyaberi, siku yangu ikifika hakuna mtu wa Nyamira atakayekuja kushika jembe. Nilikufikiria wewe uko mbali. Niliona sanduku langu na watu watatu.

Kesho yake tukakaa chini ya hema. Kinuthia alikuja na sanduku kwenye lori lake, likasimama nje ya lango. Alisema atapokea ng'ombe mmoja. Wakakataa. Akasema basi mbuzi. Akasema basi neno tu, shemeji aseme neno mbele ya watu, yatosha. Chepkemboi alianza kuniandikia kwenye karatasi wanachosema, kama Waceke alivyokuwa akifanya, Nyabuto akamwambia aiweke, hapa ni pa wazee. Halafu Nyabuto akanigeukia. Akasema, "Nyang'au, huyu mama alikuwa anakaa tu kwako, si ndiyo?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Lori likageuza. Watu wakasema masikini, mzee hakusikia, yeye hutikisa kichwa kwa kila mtu. Chepkemboi anasema hivyo mpaka leo, ananionea huruma, ananiletea maziwa. Mimi pia nimejiambia hivyo. Wakati mwingine asubuhi nikiamka naamini.

Lakini nilikaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha mashine, na hapo hatukuongea kwa sauti, tuliongea kwa midomo. Wewe mwenyewe uliandika. Hakuna mtu Boito anayesoma midomo kunishinda. Nyabuto alikuwa mbele yangu hatua mbili, jua likiwa usoni mwake. Nilisoma kila neno.

Ule mstari wa Aprili ni mimi niliuandika. Nilichukua barua zake za zamani nikajifunza anavyokata herufi. Uliposema umeingia nao kwenye mtihani, nilitoka nje nikakaa kwenye chai mpaka mvua ikaniloa.

Yule Ernst wa jiwe jeusi, usifikiri sikumwelewa.

Tata yako,
Nyang'au


Kwa Jennifer, Falkenrode
7 Julai 2024

Mzee Nyang'au,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nyingine zote zilikuwa matusi, nimezichana.

Sitakuja Boito Agosti. Nitakuja Kericho, nimwone, na kulala kwa Mjomba Kinuthia huko Roret kama atanikubali. Naomba namba ya kaburi.

Uliniambia hakuna anayemlaumu mtu kwa kutosikia. Nimelifikiria sana neno hilo. Ningekuwa hapo chini ya hema, mimi niliyelelewa naye, labda nami ningeogopa. Lakini kisha ungenitazama, na tungekuwa wawili. Ulininyima hata hilo. Ulikaa miezi mitano unapokea sifa zangu.

Nakuomba jambo moja. Ulichokosa kukisema mbele ya Nyabuto, kiseme mbele ya Nyabuto. Ng'ombe peleka kwa Mjomba. Usinijibu kabla hujafanya, na usijiite Tata kwenye karatasi mpaka mimi nikuite hivyo.

Nyakerario


Boito
4 Agosti 2024

Nyakerario,

Namba ni mia nne kumi na nane. Ukiingia lango la makaburi, fuata ukuta wa kulia mpaka kwenye bomba la maji, kisha hesabu safu ya pili.

Nilikwenda Nyamira. Nyabuto alikuwa na wazee walewale, wanakunywa chai. Nilisimama nikasema Waceke alikuwa mke wangu, na nilipoulizwa nilielewa, nikamkana kwa kuogopa kuzikwa na watu wachache. Nyabuto aliweka kikombe chini, akaongea muda mrefu. Safari hii nilifumba macho nisimsome. Nilipofumbua walikuwa wameshaondoka, mke wake anakusanya vikombe. Nimekwisha kuandika kwa mkono wangu kwamba mimi pia nizikwe Kericho. Karatasi iko kwa Chepkemboi. Hao wa Nyamira hawatakuja, nimejua.

Nilikodi pikapu nikapeleka mtamba kwa Kinuthia huko Roret. Yule mwekundu, mtoto wa ng'ombe wa Waceke. Hakunitukana. Alitoka dukani, akamtazama mtamba, akaandika nyuma ya risiti: *Mimi nilimngojea Januari.* Akarudi ndani kuuza misumari. Mtamba nimemrudisha. Anakula vizuri.

Kisha nikaenda kwa Waceke, makaburini. Nilimwuliza mlinzi wa makaburi kama naweza kushika nafasi kando ya mia nne kumi na nane. Aliniandikia kwamba hapo hakuna kushika nafasi, watu huingia kwa namba, jinsi wanavyokufa. Upande mmoja ni mwanaume asiyejulikana aliyegongwa na lori. Upande mwingine ni mtoto wa siku tatu. Mimi nitakuwa huko chini karibu na ua, kama safu zitakuwa bado hazijafika mwisho.

Nilibaki hapo. Nilimwambia maneno ambayo Kinuthia aliniomba chini ya hema, nikamwambia na mengine ya kwetu wawili. Yalikuwa machache. Nikahisi mtu ananigusa bega. Alikuwa mlinzi, na nyuma yake watu waliokuwa kwenye mazishi mengine, mbali, kule langoni, wote wamegeuka wananitazama. Akaniashiria kwa mkono nipunguze sauti.

Mimi nilidhani nanong'ona.

Nyang'au,
mume wa Waceke